Kilomita 300 kwa Saa: Faida na Gharama za Reli ya Mwendokasi

Alfajiri ya tarehe 1 Oktoba 1964 treni mbili za rangi nyeupe na buluu ziliondoka kwa wakati mmoja, moja ikitoka Tokyo na nyingine Osaka. Zilikuwa zimesalia siku tisa Michezo ya Olimpiki ifunguliwe Tokyo, na Japani ilitaka ulimwengu uone treni ya abiria inayokwenda kilomita 210 kwa saa, kila siku, kwa ratiba. Safari ya kilomita 515 iliyokuwa ikichukua saa sita na nusu ilishuka hadi saa nne, na mwaka uliofuata ikawa saa tatu na dakika kumi. Lakini watu wawili walioipigania njia hiyo kuliko wengine wote, mkuu wa Shirika la Reli la Taifa, Shinji Sogo, na mhandisi wake mkuu, Hideo Shima, hawakuwepo kwenye sherehe. Walikuwa wameondoka madarakani mwaka uliotangulia, baada ya gharama kupanda kutoka yeni bilioni 200 hivi za makadirio ya awali hadi karibu bilioni 380.

Tukio hilo moja linabeba pande zote mbili za mjadala wa reli ya mwendokasi. Njia ya Tokyo hadi Osaka, iitwayo Tokaido Shinkansen, imekwisha kubeba abiria zaidi ya bilioni sita, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha njia. Mkopo wa dola milioni 80 uliotoka Benki ya Dunia ulilipwa wote. Hata hivyo, mradi ulianza kwa makadirio ya chini mno, na nchi nyingi zilizofuata nyayo za Japani zilirithi kasoro hiyo bila kuwa na abiria wengi kama wa Japani. Kwa hiyo, serikali yoyote inayoahidi treni ya kilomita 300 kwa saa inapaswa kujibu maswali matatu kabla ya kuweka jiwe la msingi: watasafiri watu wangapi, kwa umbali gani, na nani atalipa?

Kasi ni ya njia nzima

Kwa vigezo vya Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, njia mpya huhesabiwa kuwa ya mwendokasi ikiwa imejengwa kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa au zaidi. Njia ya zamani iliyoboreshwa hukubaliwa kuanzia kilomita 200 hivi. Anayeiona treni yenye pua ndefu ikipita hudhani siri yote imo ndani ya injini yake, kumbe sehemu kubwa ya siri hiyo, na sehemu kubwa ya fedha, imo katika njia yenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni hewa. Treni inapoongeza kasi mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka takriban mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani huo huongezeka takriban mara nane. Hii ndiyo sababu treni hizi huchongwa pua, hufunikwa sehemu za chini, na huendeshwa kwa umeme, mara nyingi wa volti 25,000, unaopita kwenye nyaya za juu. Dizeli haiwezi kutoa nguvu ya kiasi hicho bila kuibebesha treni uzito mkubwa wa injini na mafuta.

Kikwazo cha pili ni kona. Njia ya kilomita 300 kwa saa huhitaji kona pana, zenye nusu kipenyo cha kilomita nne au zaidi. Reli ya namna hiyo haiwezi kuzunguka kilima wala kukwepa kijiji kama zilivyofanya reli za wakoloni. Inanyooka, na kila kilichoko mbele yake lazima kitobolewe, kivukwe kwa daraja au kihamishwe. Katika njia ya Sanyo, inayotoka Osaka kwenda Hakata, karibu nusu ya safari iko ndani ya mahandaki. Njia ya Beijing hadi Shanghai, yenye kilomita 1,318, imewekwa juu ya madaraja kwa zaidi ya asilimia 80 ya urefu wake, na daraja moja tu kati ya hayo, la Danyang hadi Kunshan, lina kilomita 164.

Wafaransa walipata njia nyingine. Walipoijenga reli ya Paris hadi Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981, walitambua kwamba treni ya abiria pekee, nyepesi na yenye nguvu nyingi, inaweza kupanda mwinuko wa mita 35 kwa kila mita 1,000, mwinuko ambao treni ya mizigo isingeumudu. Kwa hiyo waliifanya njia ifuate milima na mabonde ya nchi, na hawakuchimba handaki hata moja. Zaidi ya hapo, treni zao za TGV ziliweza kuingia mijini kwa reli za zamani, hivyo hawakulazimika kununua ardhi ghali katikati ya Paris na Lyon. Uamuzi huo wa mezani uliokoa fedha nyingi kuliko ufundi wowote uliofanyika kiwandani.

Kisha kuna breki. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, treni hupita mita 83 kila sekunde, na huhitaji zaidi ya kilomita tatu ili isimame. Dereva hawezi kutegemea taa za pembeni mwa reli. Amri zote humfikia kwenye kioo kilicho mbele yake, na kompyuta hufunga breki iwapo atapitisha kasi aliyoruhusiwa. Barabara haziruhusiwi kukatiza reli. Uzio huzuia watu na mifugo. Reli huunganishwa kwa kuchomelewa ili isiwe na viungo, na usiku treni husimama ili mafundi wakague na kurekebisha. Nchini Japani mitambo ya kuhisi tetemeko la ardhi hukata umeme na kuzisimamisha treni. Tetemeko kubwa la Machi 2011 lilipopiga kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, treni zilizokuwa njiani zilisimama bila abiria yeyote kupoteza maisha ndani yake.

Faida zinapopatikana

Reli ya mwendokasi hustawi katika umbali maalumu. Chini ya kilomita 150 hivi, basi au gari dogo humfikisha msafiri kwa muda unaokaribiana na ule wa treni. Ukivuka kilomita 800 au 1,000, ndege huanza kushinda. Katikati ya hapo treni ina nguvu, kwa sababu humchukua abiria katikati ya mji na kumshusha katikati ya mji mwingine, bila foleni ndefu za uwanja wa ndege.

Ushahidi uko wazi. Kati ya Madrid na Barcelona, umbali wa kilomita 621 kwa reli, ndege zilikuwa zikitawala hadi treni ya saa mbili na nusu ilipoanza mwaka 2008. Sasa wasafiri wengi huchagua treni. Kampuni za Ouigo na Iryo zilipoingia kushindana na shirika la serikali mwaka 2021 na 2022, nauli zilishuka na abiria wakaongezeka. Huko Taiwan, safari za ndege kati ya Taipei na Kaohsiung zilikufa kabisa mwaka 2012, miaka mitano baada ya reli kufunguliwa. Ufaransa nayo ilipiga marufuku mwaka 2023 baadhi ya safari fupi za ndege za ndani, kutoka uwanja wa Orly kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux, kwa hoja kwamba treni hufika huko kwa chini ya saa mbili na nusu.

Faida ya pili, ambayo wanasiasa huitaja kwa nadra, ni wingi wa watu. Treni moja ya Tokaido ina mabehewa 16 na viti 1,323, sawa na mabasi zaidi ya 20 yaliyojaa, na wakati wa msongamano treni za haraka pekee zinaweza kuondoka 12 kwa saa. Hakuna barabara kuu wala uwanja wa ndege unaoweza kuhamisha watu wengi namna hiyo kwenye ukanda mwembamba wa ardhi. Aidha, abiria wa haraka wanapohamia njia mpya, reli ya zamani hupata nafasi ya treni za mizigo na za vitongoji.

Usalama ni faida ya kweli pia, ingawa hauji wenyewe. Mwaka 1998 gurudumu lililovunjika liliangusha treni huko Eschede, Ujerumani, na kuua watu 101. Mwaka 2011 watu 40 walikufa karibu na Wenzhou, China, treni moja ilipoigonga nyingine kwa nyuma baada ya mfumo wa ishara kushindwa. Mwaka 2013 treni iliingia kwenye kona karibu na Santiago de Compostela, Hispania, ikiwa na kasi ya zaidi ya mara mbili ya kilomita 80 zilizoruhusiwa, na watu wapatao 80 wakafa. Panapokosekana nidhamu ya matengenezo, ishara na usimamizi, kasi huugeuza uzembe mdogo kuwa msiba.

Kuhusu maendeleo ya miji, picha ni mchanganyiko, na njia moja ya Ufaransa inatosha kuionyesha. Lille, mji wa kaskazini uliokuwa umedhoofika baada ya viwanda vya nguo na migodi ya makaa kuporomoka, ulipata stesheni katikati yake na kuwa njia panda ya Paris, London na Brussels. Pembeni ya stesheni likajengwa eneo jipya la biashara. Kwenye njia hiyohiyo kuna stesheni ya Haute-Picardie, iliyowekwa mashambani kati ya Amiens na Saint-Quentin, mbali na miji yote miwili. Wenyeji waliibatiza stesheni ya viazisukari, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyoizunguka. Treni ni zilezile na kasi ni ileile, ila mmoja ulikuwa mji uliojiandaa na mwingine ni shamba lililowekewa jukwaa la abiria.

Gharama na wanaozibeba

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba China imejenga njia zake kwa wastani wa dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita, takriban theluthi mbili ya gharama za nchi nyingine. Siri yake ni michoro inayorudiwa, viwanda vinavyotengeneza vipande vya madaraja kwa maelfu, na kazi isiyokatika. Mwishoni mwa mwaka 2024 mtandao wake ulikuwa umefika kilomita 48,000 hivi. Hata kwa bei hiyo nafuu, shirika la reli la China linabeba deni linalokadiriwa kufikia yuani trilioni sita. Njia ya Beijing hadi Shanghai hujaa na kuleta faida. Njia ya Lanzhou hadi Urumqi, inayokatiza majangwa ya magharibi kwa zaidi ya kilomita 1,700, haiwezi kupata abiria wa kulinganishwa nayo, ilhali reli na madaraja yake yanahitaji matunzo yaleyale.

Nchi nyingine zimeumia zaidi. Mwaka 2008 wapiga kura wa California waliidhinisha dhamana za karibu dola bilioni 10 kuanzisha njia ya San Francisco hadi Los Angeles, iliyotajwa wakati huo kuwa ingegharimu dola bilioni 33 hivi na kukamilika mwaka 2020. Makadirio ya sasa yamepita dola bilioni 100, na ujenzi bado uko kwenye bonde la kati, mbali na miji yote miwili. Uingereza ilipanga mtandao wa HS2 wa kuunganisha London, Birmingham, Manchester na Leeds. Mwaka 2013 bajeti yake ilitajwa kuwa takriban pauni bilioni 50. Tawi la Leeds likafutwa mwaka 2021, na tarehe 4 Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza kufuta sehemu ya Manchester, akizungumza akiwa Manchester kwenyewe.

Mtafiti wa Denmark, Bent Flyvbjerg, pamoja na wenzake walichunguza miradi ya reli ya nchi nyingi wakaona kwamba, kwa wastani, gharama huzidi makadirio kwa asilimia 45 hivi, huku abiria wanaopatikana wakiwa karibu nusu tu ya waliotabiriwa. Makosa mawili hayo yakikutana, pengo la bajeti linakuwa kubwa. Jambo la kutia shaka ni kwamba makosa hayo huegemea upande mmoja: gharama hupunguzwa na abiria huongezwa, kwa sababu mradi wenye hesabu za kweli huogopewa.

Indonesia inatoa funzo la karibuni. Treni ya Whoosh, yenye kasi ya hadi kilomita 350 kwa saa, ilifunguliwa Oktoba 2023 kati ya Jakarta na Bandung, umbali wa kilomita 142. Iligharimu zaidi ya dola bilioni saba, robo tatu zikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya China. Ni treni nzuri, tulivu na safi. Lakini umbali ni mfupi kiasi kwamba treni inafikia kasi yake ya juu kwa dakika chache tu, na abiria wa Bandung hulazimika kupanda treni nyingine ili afike katikati ya mji. Mwaka 2025 serikali ilikuwa ikijadiliana na wakopeshaji namna ya kulipanga upya deni hilo.

Hispania nayo ina mtandao wa takriban kilomita 4,000, mkubwa kuliko wote Ulaya, uliojengwa kwa msaada mkubwa wa fedha za Umoja wa Ulaya. Kila mkoa ulidai treni yake. Mwaka 2011 safari ya moja kwa moja ya Toledo, Cuenca na Albacete ilifutwa baada ya miezi michache, kwa kuwa ilikuwa ikipata wastani wa abiria tisa kwa siku. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilipochunguza njia za bara hilo mwaka 2018 ilibaini kwamba, kwa wastani, treni zilikuwa zikienda kwa asilimia 45 tu ya kasi iliyolipiwa wakati wa ujenzi.

Kuna gharama nyingine zisizoandikwa kwenye mkataba. Saruji na chuma cha madaraja na mahandaki hutoa hewa ukaa nyingi, na njia yenye abiria wachache huchukua miongo kuifidia. Wakulima hupoteza ardhi na kupewa fidia inayochelewa. Miji midogo iliyokuwa na treni ya kawaida hubaki ikiitazama treni mpya ikipita bila kusimama. Na pale nauli inapokuwa juu ya uwezo wa wengi, kodi ya mkulima huwa inamlipia mfanyabiashara safari yake.

Afrika na Bara Arabu: mifano miwili ya karibu

Morocco ndiyo nchi ya kwanza Afrika kuendesha treni ya namna hii. Treni yake, Al Boraq, ilizinduliwa Novemba 2018 na Mfalme Mohammed VI akiwa na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa. Wamorocco hawakujenga njia mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Walijenga sehemu ya Tangier hadi Kenitra pekee, chini ya kilomita 200, ambako treni hufika kilomita 320 kwa saa. Kutoka Kenitra kupitia Rabat hadi Casablanca treni hizo zilitumia reli iliyokuwepo. Safari nzima ya kilomita 323 ilishuka kutoka saa nne na dakika 45 hadi saa mbili na dakika kumi, kwa gharama ya dirhamu bilioni 23 hivi. Ilipofika mwaka 2023 treni hizo zilikuwa zikibeba abiria zaidi ya milioni tano kwa mwaka, na mwaka 2025 ujenzi wa kuelekea Marrakech ulianza. Kabla ya kuitafuta kasi ya kilomita 320, nchi hiyo ilikuwa tayari na reli ya umeme, wasafiri walioizoea treni na shirika linalojua kuiendesha.

Reli ya Haramain ya Saudi Arabia, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 2018, inatambulika kwa mahujaji wengi wa Afrika Mashariki. Inaunganisha Makka na Madina kupitia Jeddah na uwanja wake wa ndege, umbali wa kilomita 450, kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Safari iliyokuwa ikichosha kwa basi jangwani imekuwa ya saa mbili na ushee. Mradi huu una kitu ambacho serikali chache duniani zinacho: abiria wa uhakika, mamilioni kila mwaka, wanaosafiri kati ya miji ileile miwili, na hazina ya mafuta ya kuulipia.

Hesabu ya Afrika Mashariki

Kenya ilifungua reli ya Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Treni yake ya abiria, Madaraka Express, huenda hadi kilomita 120 kwa saa kwa injini za dizeli, na mkopo wa Benki ya Exim ya China ulioijenga umekuwa mjadala wa kudumu nchini humo. Tanzania ilichagua umeme na kilomita 160 kwa saa. Safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua rasmi usafiri huo tarehe 1 Agosti. Treni hizo huitwa za mwendokasi kila mahali, na kwa msafiri aliyezoea basi jina hilo ni haki yake, ingawa kwa vigezo vya UIC hazijafika huko.

Je, Tanzania ilikosea kutokwenda kilomita 300? Hesabu inaonyesha kwamba haikukosea. Basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma huchukua takriban saa nane, na zaidi ikiwa kuna foleni. Treni ya sasa huchukua chini ya saa nne, hivyo msafiri ameokoa zaidi ya saa nne. Treni ya kilomita 300 kwa saa ingefika kwa saa mbili hivi, ikiokoa takriban saa moja na nusu nyingine. Ili kuipata saa hiyo moja na nusu, kona zingepanuliwa kupita kiasi kwenye milima ya Morogoro na Kilosa, ukinzani wa hewa ungeongezeka zaidi ya mara tatu, na nauli ya daraja la kawaida, iliyoanza kwa shilingi 31,000, isingebaki karibu na ya basi.

Hoja nzito zaidi ni mizigo. Treni za TGV zimewekewa kikomo cha tani 17 kwa kila ekseli ili zisiiharibu njia. Reli ya Tanzania imejengwa kubeba tani 35 kwa ekseli, kwa sababu shehena ya bandari ya Dar es Salaam inakwenda Mwanza, Kigoma, Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki mwa Congo. Njia ya kilomita 300 kwa saa isingeweza kuibeba shaba wala mbolea. Ingekuwa reli ya abiria peke yake, katika ukanda ambao malori ndiyo yanayoichosha barabara.

Kwa hiyo mjadala wa kasi katika nchi zetu ufungwe kwa sasa, na nguvu zielekezwe kwenye kazi iliyoko mezani. Njia ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mwanza ikamilike. Umeme wa uhakika ulindwe, maana treni ya umeme isiyo na umeme ni mabehewa yaliyosimama porini. Fedha za matengenezo zitengwe kila mwaka bila kuguswa, na daladala na mabasi yapangwe yampokee abiria anaposhuka stesheni. Siku ambayo treni za Dar es Salaam na Dodoma zitakuwa zimejaa kila saa na hakuna nafasi ya kuongeza nyingine, swali la kilomita 300 litafunguliwa upya. Siku hiyo wananchi wadai upembuzi yakinifu uliofanywa na watu wasio na masilahi katika ujenzi, uchapishwe wote, ukiwa na idadi ya abiria, nauli na ratiba ya kulipa deni, kabla ya mkataba wowote kusainiwa.